Joka la Babeli au twiga wa Malindi: umchonge yupi kwenye lino?

Mtu akishazoea kuchonga lino, kile kibao laini ambacho mchoro huchongwa juu yake kisha hupakwa wino na kupigwa chapa kwenye karatasi, akamaliza majani, samaki na nyota, hamu yake hupanda. Vijana wengi hapa Malindi hunijia na simu mkononi wakinionyesha kiumbe wa hekaya waliyempenda: fahali mwenye mbawa, simba mwenye kichwa cha tai, joka la magamba. Wamechagua kwa kuvutiwa na sura, na wengi wao hukwama katikati ya kibao, pale sura ile inapokataa kuingia kwenye wino mweusi na karatasi nyeupe.

Mimi ningependa uchague kwa kuuliza swali jingine kwanza: fundi wa kale alimtengenezaje mnyama huyo? Alimchonga, alimkwaruza, au alimpaka kwa brashi? Kwenye lino palipobaki panashika wino, palipoondolewa panabaki karatasi, basi. Fundi wa kale aliyefanya kazi kwa namna hiyo amekwisha kukupunguzia nusu ya safari. Aliyefanya kazi kwa brashi na vivuli, huyo itakubidi umgeuze wewe mwenyewe mpaka akubali kisu. Zote mbili ni kazi nzuri, lakini hazimfai mtu yule yule kwa wakati ule ule.

Kwa hiyo nawaweka wawili ubavu kwa ubavu. Mmoja ni mushushu, joka la Babeli. Wa pili ni twiga aliyetoka huku kwetu akapokelewa China kama kiumbe wa hekaya. Wengine nitawapitia kwa ufupi, kisha tuzungumze kibao na wino, maana mnyama na kibao huchaguliwa pamoja.

Joka

Mushushu alikuwa mnyama wa Marduk, mungu mkuu wa Babeli ya kale. Mfalme Nebukadneza wa Pili, aliyetawala kuanzia mwaka 605 hadi 562 kabla ya Kristo, alimweka kwenye Lango la Ishtar, mojawapo ya malango ya mji huo, safu juu ya safu, akipishana na fahali wa mungu Adad. Wachimbuaji wa Kijerumani wakiongozwa na Robert Koldewey walifanya kazi Babeli kuanzia 1899 hadi 1917. Matofali ya lango yakapelekwa Berlin na kuunganishwa upya, na paneli nyingine za joka hilo ziko Istanbul na Detroit.

Mtazame vizuri kabla hujachora. Kichwa ni cha nyoka mwenye pembe, ulimi umechomoza. Shingo ndefu imesimama wima. Mwili umejaa magamba, miguu ya mbele ni ya simba, ya nyuma ni ya ndege mkali mwenye kucha, na mkia umeinuka ukiishia na mwiba wa nge. Yote hayo yameonyeshwa kwa ubavu. Miguu minne inaonekana yote, hakuna uliojificha nyuma ya mwenzake, na hakuna kiungo kinachokuja mbele kukutazama. Hapo ndipo furaha ya mchonga lino ilipo. Ukifuata ukingo wake tu kwa penseli umeshapata umbo linalosomeka hata kutoka upande wa pili wa chumba.

Halafu kuna namna alivyotengenezwa. Kila joka ni matofali mengi, na kila tofali lilipewa sehemu yake ya mnyama kwa kalibu. Tofali la bega lilitoka kwenye kalibu ya bega, la goti kwenye kalibu ya goti, ndiyo maana safu nzima ya majoka inafanana. Kalibu moja na wanyama wengi: hiyo ni akili ya kupiga chapa, karne nyingi kabla ya karatasi kufika nchi hizo. Babeli na Ashuru walikuwa pia na mihuri ya mawe ya mviringo iliyochongwa kinyume na kuviringishwa juu ya udongo mbichi ili picha itokee. Ukimchonga mushushu kwenye lino unamrudisha kwenye kazi aliyoizoea.

Magamba yake ndiyo darasa. Chukua patasi ya U iliyo ndogo kabisa, iinamishe kidogo, ichome, isukume kwa kiasi cha upana wa punje ya mchele, kisha uteremshe kiganja ili ncha ijitoe yenyewe juu. Kinachobaki ni tao dogo, pana upande mmoja na linalofifia upande mwingine. Anzia mkiani uende shingoni, na kila safu mpya ikae juu ya maungio ya safu iliyotangulia, jinsi fundi anavyoezeka makuti kuanzia ukingoni mwa paa akipanda. Ukianza kwa kichwa safu za mwisho zitabanwa na kukosa pa kukaa. Baada ya magamba kama mia mbili mkono unakuwa umejifunza kina kimoja na mwendo mmoja, na hilo hutalipata kwa kuchonga majani.

Twiga

Mwaka 1414 twiga alifikishwa kwenye baraza la mfalme Yongle wa nasaba ya Ming akiwa zawadi kutoka Bengal. Twiga hawaishi Bengal, kwa hiyo huyo naye alikuwa amevushwa bahari kutoka Afrika. Mwaka uliofuata, 1415, ujumbe wa Malindi ukafika China na twiga wake. Hizo ndizo zama za misafara ya baharini ya Zheng He, jemadari wa merikebu za Ming, na katika msafara wa tano, wa 1417 hadi 1419, merikebu zake zilifika pwani hii zikiwarudisha wajumbe makwao.

Wakuu wa baraza walipomwona mnyama mrefu, mpole, mwenye kwato na ngozi yenye alama, walimpokea kama chilini. Huyo ni kiumbe wa hekaya wa China tangu kale, anayetembea bila kuumiza hata nyasi, na anayejitokeza pale tu panapokuwa na mtawala mwema. Masimulizi yanamfungamanisha na Confucius, na kumbukumbu za kale za Kichina zinataja kukamatwa kwake mwaka 481 kabla ya Kristo. Shen Du, aliyekuwa mwandishi wa baraza, alitunga maneno ya sifa kwa ajili ya yule twiga wa 1414, na yakaandikwa juu ya picha: twiga amesimama, na mtunzaji wake ameshika kamba. Picha hiyo ilinakiliwa baadaye, na nakala mojawapo imehifadhiwa Philadelphia.

Nasema bila kuficha kwamba huyu ananigusa kuliko mushushu. Watalii wanaposimama pale kwenye nguzo ya Vasco da Gama huelezwa habari za 1498, na hilo ni sawa. Lakini miaka zaidi ya themanini kabla ya hapo mji huu ulikuwa unapeleka wajumbe China na mnyama aliyewafanya watu wa baraza waone hekaya yao imepata miguu. Malindi inastahili kumwona ukutani.

Ila kwa fundi ana ugumu wake. Yule mchoraji wa China alitumia brashi na rangi nyepesi juu ya hariri. Hakuacha ukingo mmoja mnene wa kufuata, vivuli vinapita taratibu kutoka shingoni kwenda kifuani, na lino haijui taratibu. Bahati nzuri madoa yanakuokoa, na hapa inafaa kujua twiga wako. Wa Tsavo, walio jirani zetu wa upande wa magharibi, wana madoa yenye kingo zilizochanika, mengine yanafanana na majani. Wale wa upande wa Garissa na kaskazini wana madoa mapana yenye pembe, na kati yake imepita mistari myembamba myeupe iliyonyooka, ngozi nzima ikawa wavu. Picha ya China imefuata wavu. Kwa lino nakushauri ufuate wavu pia, maana mstari mwembamba mweupe ni pito moja tu la patasi ya V, na doa linabaki lenyewe bila kuguswa. Madoa ya Tsavo yanataka uzunguke kila kidole na kila ghuba ya doa, na mkono usiokomaa huishia kuyafanya yote kuwa matone.

Ukitaka hekaya ionekane zaidi, chilini wa zama za Ming huchorwa na magamba, kwato, pembe na ndimi za moto mabegani. Unaweza kumwacha twiga na wavu wake, ukampa moto wa mabega peke yake. Ninampenda hivyo: anabaki wa kwetu, na mtazamaji anajua papo hapo kwamba huyu si twiga wa kadi za posta.

Wakiwekwa ubavu kwa ubavu

Anza na umbo la karatasi. Paneli ya joka iliyoko Detroit ina upana wa karibu mara moja na nusu ya kimo chake, kwa hiyo karatasi ya A4 au A3 iliyolazwa inampokea karibu ilivyo. Shingo inajaza kona moja, mkia unajaza nyingine, na nafasi tupu ni vipande vidogo kati ya miguu. Twiga anataka karatasi isimame, na hata ikisimama anaacha uwanja mkubwa mtupu kila upande wa shingo. Uwanja huo lazima uondolewe wote. Ndiyo kazi ndefu kuliko mnyama mwenyewe, na ndipo mabaki ya matuta hushika wino na kuchafua picha.

Kuna njia ya kuukwepa usafishaji huo, nami naipenda: acha uwanja wote mweusi. Chonga mistari ya wavu tu, na mstari wa mwisho wa kila upande wa mwili uwe ndio ukingo wa mnyama. Kisu kinafanya kazi ndogo, na twiga anatokea gizani kwa mistari. Lakini unalipa upande wa pili, kwa sababu uwanja mpana mweusi ni mgumu kuuchapa kwa mkono bila madoa meupe ya karatasi isiyoshika. Kwa hiyo uliza kwanza kama una mashine ya kukandamiza au una upawa tu wa kusugulia karatasi kwa mkono, kisha uamue.

Kuteleza ni jambo la pili. Patasi ikiteleza kwenye magamba ya joka, umepata gamba lililozidi, na jicho halilioni. Ikiteleza kwenye wavu wa twiga, doa moja limekatwa mawili. Ongeza mstari mwingine pembeni yake na mambo yatakaa sawa. Ikiteleza kwenye mguu wa twiga, hapo hakuna dawa. Miguu yake ni mirefu na myembamba, na ukikata mmoja katikati kibao kimekwisha. Chonga miguu kwanza, wakati mkono bado haujachoka, na uzungushe kibao kila mara ili patasi iende kuelekea nje ya mguu.

Rangi. Lango la Ishtar lilikuwa la buluu, na wanyama wake wa manjano na weupe. Hapo njia ya kibao kimoja, ile ambayo Picasso aliitumia sana mwishoni mwa miaka ya 1950, inakaa kama imekatiwa kipimo. Unapiga chapa ya manjano kibao kikiwa kitupu kabisa, kisha unachonga joka na kuondoa kila kinachotakiwa kubaki manjano, unapaka buluu, unapiga juu ya karatasi zile zile. Rangi mbili, kibao kimoja, na magamba yanatokea kwa buluu juu ya manjano. Twiga naye anaweza kupigwa hivyo, rangi ya maziwa kwanza na kahawia baadaye, ila bado utalazimika kuusafisha uwanja wote, la sivyo utakuwa kahawia.

Kugeuka. Chapa hutoka kinyume cha kibao. Majoka ya langoni walitazama upande huu na upande ule, kulingana na ukuta waliokuwapo, kwa hiyo akigeuka haijaharibika kitu. Twiga peke yake naye hana shida. Shida huja ukitaka kuandika, kwa mfano “Malindi 1415” chini ya kwato. Andika kwenye karatasi ya kunakilia, igeuze uso chini, weka kaboni kati yake na lino, pitisha kalamu. Ukitumia herufi za Kiarabu, za utenzi wa zamani, kumbuka kwamba kwenye kibao zitakwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Zisome kwenye kioo kabla ya kukata.

Wengine, kwa ufupi

Lamasu, fahali mwenye mbawa na uso wa mtu, alisimama milangoni mwa majumba ya Ashuru, kama lile la Sargoni wa Pili huko Dur-Sharrukin. Ana miguu mitano: ukimtazama kwa mbele amesimama, kwa ubavu anatembea. Ni mnyama wa heshima, na baada ya kuvunjwa kwa lamasu wa Ninawi mwaka 2015 naelewa kwa nini mtu anataka kumchonga. Lakini ni nusu sanamu, ana kina kikubwa, na ndevu zake za mviringo viringo pamoja na uso wa mtu vinataka mkono uliokwisha iva. Nakushauri uchukue bawa lake peke yake. Safu tatu za manyoya kwenye kibao kidogo zinatosha kuwa picha kamili.

Wanyama wa vyungu vya Wagiriki, grifini (simba mwenye kichwa cha tai), kimera (simba, mbuzi na nyoka kwa pamoja) na sfinksi (simba mwenye kichwa cha mtu), kwa ufundi mtupu ndio rahisi kuliko wote. Katika mtindo wa maumbo meusi, uliotamba kati ya karne ya 7 na ya 5 kabla ya Kristo, mchoraji alijaza umbo lote kwa weusi kisha akakwaruza mistari ya ndani mpaka udongo ukaonekana. Hiyo ni lino kabisa. Watumie kujifunzia. Sababu ya kutowapa nafasi kubwa hapa ni kwamba wamechongwa sana na kila mtu, na ni vigumu kuwapa la kwako.

Kibao: lino, mpira au mwembe

Lino ya kweli ilibuniwa Uingereza na Frederick Walton katika miaka ya 1860 kwa ajili ya sakafu. Ni mafuta ya kitani, unga wa koki na utomvu, vimelazwa juu ya kitambaa cha juti. Wasanii waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20, na katika Afrika ilipata nyumba kubwa kwenye kituo cha sanaa cha Rorke's Drift, Afrika Kusini. Alitokea hapo Azaria Mbatha na masimulizi yake ya Biblia, na alisoma hapo Mnamibia John Muafangejo, ambaye kazi zake za nyeusi na nyeupe ningemwonyesha mtu yeyote anayedhani bila rangi nyingi picha haisemi. Uwanja wake mweusi ndio ulionipa moyo wa kumwacha twiga gizani.

Uwe macho dukani. Kinachouzwa mjini kwa mita kama lino ya sakafu mara nyingi ni plastiki. Kigeuze: lino ya kweli ina juti mgongoni na inanuka mafuta ya kitani. Plastiki inachongeka, lakini inavuta patasi na kuifanya butu upesi. Kwa lino ya kweli sisi wa pwani tuna neema moja. Kwenye nchi za baridi watu huipasha moto kwa pasi ili ilainike. Hapa mchana wa Februari umeshafanya kazi hiyo. Lakini lino iliyokaa miaka kabatini hukauka na kuwa ngumu, na joto haliirudishi ujana. Nunua ya kutosha kazi iliyo mbele yako.

Mpira laini, ule wa kuchongea mihuri, ni mzuri kwa watoto na kwa mtu anayeanza kabisa. Kwa joka siupendi. Magamba yakikaribiana, kuta nyembamba kati yake hulegea ukikandamiza, na chapa hutoka imetetemeka. Kwa twiga wa madoa makubwa unafaa zaidi.

Mbao ya mwembe inapatikana kwa wachongaji wa vinyago na kwa maseremala, na bei yake haiumi. Ipige randa, imalizie kwa msasa, na una kibao. Hapa mambo yanageuka: kwenye mwembe twiga ndiye anayeshinda. Mpange ili shingo na miguu viende sambamba na nyuzi za mti, na mistari mirefu itakwenda yenyewe. Hata nyuzi zenyewe zikichapika kidogo kwenye anga nyuma yake zinapendeza. Joka kwenye mwembe ni mateso, kwa kuwa kila tao la gamba linakata nyuzi kwa upande na nyuzi zinang'oka. Mafundi wa nakshi wa Lamu wanalijua hilo tangu utotoni, ndiyo maana kabla ya kugusa mlango huukagua ubao unakoelekea. Ukifika Lamu, simama mbele ya mlango wa zamani katika mitaa ile iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, utazame pindo la mnyororo linalouzunguka mlango. Pindo kama hilo, likichongwa jembamba, linamkaa twiga vizuri kuliko fremu yoyote ya kununua.

Muhugu uache. Ni mgumu mno kwa kazi hii, na ile iliyobaki katika msitu wa Arabuko-Sokoke ina haki ya kuachwa isimame.

Wino na hewa ya pwani

Wino wa maji husafishika kwa maji na unafaa nyumbani penye watoto, lakini upepo wa kaskazi ukivuma unakauka juu ya kioo cha kutandazia wino kabla rola haijarudi mara ya tatu. Funga madirisha, au piga chapa alfajiri. Wino wa mafuta unakupa muda wa kutosha na weusi ulio mzito zaidi, nao unakauka polepole, tena polepole sana masika yakiingia na hewa ikajaa unyevu. Tundika chapa kwenye kamba ndani ya nyumba, usizirundike hata kama zinaonekana zimekauka. Joka la rangi mbili linataka kila rangi ikauke kabla ya inayofuata, kwa hiyo lifanye wakati wa kiangazi. Twiga wa wino mmoja anavumilia msimu wowote.

Tega sikio kwenye rola. Wino ukitosha hutoa mlio mwembamba usiokatika. Mlio ukiwa wa kunatanata na kuchanika, wino umezidi, nao utaingia kwenye mistari ya wavu na kuiziba. Magamba ya joka, kwa kuwa yana kina, hustahimili zaidi kosa hilo.

Karatasi ya manila, ambayo kila duka la vitabu linayo, ni nene mno kwa kuchapa kwa mkono. Tafuta nyembamba iliyo imara. Kwa kukandamiza, mgongo wa upawa uliolainika kwa kutumika unafaa vizuri, kwani kifuu hugusa karatasi mahali padogo na nguvu yote ya mkono hukusanyika hapo. Zunguka kidogo kidogo kutoka katikati kwenda pembeni, inua kona moja utazame, ishushe, urudie palipofifia. Patasi nazo zifute kwa mafuta kila jioni, maana chumvi ya hewa hii haichagui chuma.

Atatundikwa wapi

Swali hili lisisubiri mpaka mwisho wa kazi. Nyumba nyingi za Malindi na Lamu hazitundiki picha za vyenye roho, na nakshi za milango yetu zimejaa maua, mizabibu na minyororo kwa sababu hiyo hiyo. Ukimchongea mjomba au shangazi zawadi, muulize kwanza. Mushushu hajawahi kuishi popote, lakini alikuwa alama ya mungu wa watu wengine, na wapo watakaokwazika na hilo. Twiga ni kiumbe hai. Lamasu ana uso wa mtu, na ndiye nisiyempendekeza kabisa kwa nyumba ya namna hiyo. Ukiambiwa hapana, pindo la mnyororo na bawa la manyoya bila mnyama ni zawadi inayopokelewa kwa mikono miwili.

Kwa mgeni anayeondoka na kumbukumbu, twiga anatembea mbali zaidi, kwa sababu hadithi yake unaweza kuisimulia ukiwa umesimama Malindi kwenyewe. Andika mistari minne nyuma ya karatasi: 1415, Malindi, baraza la Yongle, chilini. Joka utalisimulia vizuri pia, lakini hadithi yake iko Babeli.

Uamuzi wangu, basi. Kama una lino ya kweli na hujawahi kuchonga kitu kikubwa kuliko kiganja, anza na joka, rangi moja, karatasi iliyolala. Kama una mwembe na patasi za seremala, nenda moja kwa moja kwa twiga. Kama una mpira, fanya mnyama mmoja wa chungu cha Kigiriki, kisha utafute lino. Na kama umeshapiga chapa za kutosha na huogopi uwanja mweusi, mfanye twiga atokee gizani na moto mabegani, kwenye A3 iliyosimama, na uniite nije kumwona.

Ukichagua joka la rangi mbili kwa kibao kimoja, hesabu karatasi zako kabla ya kupiga manjano na uongeze kama tano za kuharibika. Ukishaanza kuchonga kwa ajili ya buluu hakuna tena kibao cha manjano cha kurudia. Idadi zitakazotoka salama ndiyo utakayoiandika kwa penseli chini upande wa kushoto, jina la kazi katikati, na sahihi yako kulia.